Visa ya Kazi Ujerumani: Safari ya Ukaazi wa Kudumu Huanzia Nyumbani

Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Tangu siku hiyo, gumzo la Ujerumani limefika hadi vijijini. Zipo familia zinazochanga pesa, zipo zinazotafuta mnunuzi wa kipande cha shamba, na wapo vijana wanaofikiria kuacha kozi zao wakitumaini kuitwa kazini ng'ambo. Makala haya yanaeleza aina za visa zilizopo, jinsi zinavyotofautiana, na hatua zinazomfikisha mfanyakazi kwenye ukaazi wa kudumu. Mkazi akiyaelewa, ataweza kumuuliza wakala maswali yanayofaa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mkataba haugawi kazi

Wakati mkataba unatiwa saini, vyombo kadhaa vya habari vilitangaza kwamba Ujerumani ingepokea Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha habari hiyo hadharani. Ilisema kuwa mkataba hautaji idadi yoyote ya wafanyakazi, na kwamba kila mwombaji ni lazima atimize masharti yote ya sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo.

Maana yake ni kwamba hakuna nafasi iliyowekewa mtu wala orodha ya majina. Anayesema ana nafasi za mkataba za kuuza anauza hewa. Mkataba umefungua mlango wa ushirikiano kati ya serikali mbili, lakini kila mtu ataingia kwa vyeti vyake mwenyewe.

Milango mitano ya kuingilia

Kwanza ni visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Huyu ana cheti cha ufundi au shahada iliyokwisha kutambuliwa Ujerumani, na ana mwajiri aliyemwandikia mkataba wa kazi.

Pili ni Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Hasa huwafaa wenye shahada ya chuo kikuu ambao mshahara wao unafikia kiwango kinachowekwa kila mwaka. Mwaka 2025, kiwango cha jumla kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na cha chini zaidi kwa kazi zenye uhaba wa wafanyakazi.

Tatu ni ubia wa utambuzi, ulioanza Machi 2024. Mwajiri na mfanyakazi hukubaliana kwamba cheti kitashughulikiwa mfanyakazi akiwa tayari kazini. Sharti ni mkataba wa kazi, mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya Kenya, na Kijerumani cha kiwango cha A2.

Nne ni Kadi ya Fursa, ambayo Wajerumani huiita Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja, huku akifanya kazi ya muda isiyozidi saa 20 kwa wiki.

Tano ni mafunzo ya kazi, yaani Ausbildung. Mwanafunzi husoma darasani na kufanya kazi kwa mwajiri anayemlipa posho ya kila mwezi. Mafunzo huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, na kwa kawaida Kijerumani cha B1 huhitajika kabla ya safari.

Ni vyema mkazi aangalie urefu wa kozi aliyosoma. Kozi fupi ya miezi michache, hata kama ilimpa ujuzi mzuri wa mikono, haifikii sharti la miaka miwili la mlango wa tatu na wa nne. Kijana aliye mwaka wa pili wa diploma anayeacha masomo ili awahi Ujerumani anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Amalize kwanza.

Mfano wa kuhesabu alama

Mwombaji wa Kadi ya Fursa ambaye cheti chake hakijatambuliwa kikamilifu huhitaji alama 6. Kabla ya kuhesabiwa alama, ni lazima awe na mafunzo ya angalau miaka miwili au shahada, na ajue Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2.

Chukua mfano wa fundi wa umeme mwenye umri wa miaka 28. Kwa kuwa hajapita miaka 35, anapata alama 2. Amefanya kazi ya umeme kwa miaka miwili katika miaka mitano iliyopita, anapata 2 nyingine. Amesoma Kijerumani hadi B1, anaongeza 2. Jumla ni 6.

Mwenzake wa umri huohuo na uzoefu uleule, lakini aliyeishia A2, anapata alama 1 tu kwa lugha. Jumla yake ni 5, na bila alama kutoka kwingine ombi lake halitafaulu.

Miaka ya ukaazi huanza kuhesabiwa lini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Visa ya kazi si ukaazi wa kudumu, na si kila siku inayopita Ujerumani huhesabiwa.

Mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu akiwa na kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi. Aliyehitimu mafunzo ndani ya Ujerumani husubiri miaka miwili. Mwenye Kadi ya Bluu husubiri miezi 27, au miezi 21 ikiwa Kijerumani chake ni B1.

Mwaka wa Kadi ya Fursa haumo katika hesabu hiyo. Muda wa kungoja cheti kitambuliwe pia haumo.

Tuseme muuguzi ameingia Januari 2027 akiwa bado anashughulikia utambuzi. Akipata leseni na kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi Januari 2028, miaka yake mitatu itatimia Januari 2031, si 2030. Kijana anayeanza mafunzo ya miaka mitatu Septemba 2027 na kupata kazi mara tu anapohitimu atatimiza muda wake mwaka 2032.

Muda peke yake hautoshi. Mwombaji wa miaka mitatu huhitaji kuwa amechangia mfuko wa pensheni wa umma kwa miezi 36, ajue Kijerumani cha B1, awe na makao na kipato cha kumtosha, na aonyeshe kwamba anazijua sheria na maisha ya nchi hiyo. Kuna mtihani wa maswali 33, na anayepata 15 amepita. Kazi ya kulipwa mkononi bila makato haiachi alama yoyote katika mfuko wa pensheni, hivyo haimsaidii.

Aliyepata ukaazi huo naye asisahau kwamba, kwa kawaida, akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita kibali hupotea. Anayepanga kurudi nyumbani kusimamia ujenzi azingatie hilo.

Kabla ya kutoa pesa

Ada ya visa hizi ni euro 75, nayo hulipwa ubalozi. Mwombaji wa Kadi ya Fursa huonyesha pia kwamba ana pesa za kujikimu. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Pesa hizo hubaki mali yake, katika akaunti ya jina lake. Wakala anayetaka ziwekwe katika akaunti ya wakala, au zitumwe kwa nambari yake ya simu, aepukwe.

Mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

- Athibitishe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kwamba wakala ana leseni inayotumika.
- Aanze Kijerumani mapema. Mitihani hufanywa Goethe-Institut, Nairobi.
- Asome masharti bila malipo katika tovuti ya serikali ya Ujerumani, Make it in Germany, kwa kuwa viwango vya pesa hubadilika kila mwaka.
- Asitie saini mkataba wa lugha asiyoielewa, na abaki na nakala ya kila karatasi na risiti.

Maswali ya kujipima

1. Je, kozi niliyosoma ilichukua angalau miaka miwili, na inatambuliwa na serikali?
2. Kijerumani changu kiko kiwango gani leo, na ninahitaji kufikia kipi?
3. Wakala ananipeleka kwa visa ya aina gani kati ya hizi tano?
4. Kwa visa hiyo, miaka yangu ya ukaazi itaanza kuhesabiwa lini?

Wakala asiyeweza kujibu swali la tatu na la nne kwa maandishi hajui anakompeleka mteja wake. Shamba lisiuzwe kwa ajili yake.