SOMO LA USALAMA KAZINI: SINDANO KATIKATI YA VITABU



Somo letu la leo linahusu wafanyakazi wa maktaba za umma huko Marekani. Huenda mwenzetu wa kiwandani au wa shambani akauliza: maktaba inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu inatufundisha kwamba hatari haijulikani kwa jina la kazi. Hujulikana kwa kile ambacho mkono hugusa.

Hatari yenyewe

Maktaba ya umma haimfungii mtu mlango. Huingia mtoto wa shule, mzee wa kusoma magazeti, asiye na nyumba, na pia mtu anayejidunga dawa za kulevya. Sindano iliyotumika huachwa chooni, ndani ya ndoo ya taka au nyuma ya vitabu. Mwaka 2017 maktaba ya McPherson Square mjini Philadelphia ilijulikana nchi nzima, kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wakiwaokoa watu waliozidiwa na dawa hizo, na uwanja wake ulijaa sindano.

Anayechomwa ni nani? Mara nyingi ni mfagizi anayekandamiza taka kwa mkono, au karani anayepapasa nyuma ya rafu.

Magonjwa matatu

Damu hubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, vya homa ya ini aina ya C, na vya ukimwi. Kwa hesabu za hospitalini, watu 1,000 wakichomwa na sindano yenye virusi vya ukimwi, wapatao 3 huambukizwa. Kwa homa ya ini aina ya B, ikiwa hawakuchanjwa, huambukizwa kati ya 60 na 300. Tena virusi hivyo vya B huweza kuishi katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Lakini vina chanjo! Ndiyo maana chanjo ndiyo dai letu la kwanza.

Tusichanganye mambo. Kushika kitabu alichokishika mgonjwa, au kukaa naye meza moja, hakuambukizi ukimwi. Msomaji si adui yetu. Adui ni uzembe wa kumwacha mfanyakazi mikono mitupu.

Sheria haikushuka kama mvua

Mwezi Septemba 1986 chama cha AFSCME, chenye wanachama wengi katika utumishi wa umma, pamoja na vyama vingine kama SEIU, viliitaka serikali ya Marekani itoe kanuni ya haraka. Serikali ilikataa kuitoa kwa haraka. Vyama havikunyamaza. Kanuni ilitangazwa Desemba 1991. Inamtaka mwajiri aangalie kazi zinazoweza kumkutanisha mfanyakazi na damu, atoe vifaa na mafunzo, na chanjo ya homa ya ini aina ya B bila malipo.

Hata hivyo kanuni hiyo ina tundu. Sheria ya usalama kazini ya serikali kuu ya nchi hiyo haiwagusi moja kwa moja watumishi wa majimbo na miji, na wafanyakazi wengi wa maktaba ni watumishi wa miji. Majimbo kama California na New York yana mipango yao inayowalinda. Penginepo, ngao ya mfanyakazi ni sheria ya jimbo lake na mkataba wa chama chake. Basi tujifunze: sheria nzuri isiyokutaja haikukingi.

Tufanye nini?

1. Usiokote sindano kwa mkono mtupu. Tumia koleo au kibanio kirefu, uitie katika chombo kigumu kisichotobolewa. Usirudishie kifuniko chake.
2. Usikandamize taka. Shika mfuko juu, uuweke mbali na mguu.
3. Damu ikimwagika, vaa glavu, funika kwa karatasi, mwagia sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na sehemu 9 za maji, ngoja dakika 10, kisha futa.
4. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye.
5. Toa taarifa na uende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28.
6. Tukio liandikwe kwenye daftari, nawe ubaki na nakala.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Kazini kwetu, nani huzoa taka za zahanati na vyoo? Nani hufunga jeraha la mwenzake aliyejikata kwa panga au kwa mashine?
(b) Je, amechanjwa? Ana glavu?
(c) Mkataba wetu wa hali bora unamtaja, au umemsahau?

Tawi likishajibu, katibu apeleke majibu mezani kwa mwajiri. Tusingoje mwenzetu achomwe.