Kompyuta Ndogo ya Mezani ya Bei Nafuu: Maswali ya Kujiuliza Kabla ya Kutoa Pesa

Ukipita maduka ya kompyuta ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, pembeni ya laptopu na zile CPU kubwa za kuweka chini ya meza utakuta visanduku vya ukubwa wa kisimbuzi cha televisheni. Hizo ni kompyuta kamili, na wauzaji wengi huziita mini PC. Bei yake inavutia, maneno ya muuzaji yanavutia zaidi, na mnunuzi hubaki akijiuliza kama itamfaa au itamtia hasara. Jibu halimo katika stika zilizobandikwa juu ya kasha. Limo katika mambo matatu yanayosomeka kwenye skrini kwa dakika chache, yaani prosesa, RAM na diski, na katika jumla ya vyote utakavyolazimika kununua baada ya hicho kisanduku. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa mara nyingi.

Zinafaa kwa kazi gani?

Zinafaa kwa kuandika barua na ripoti, hesabu za duka kwenye Excel, kufungua tovuti za serikali na benki, barua pepe, masomo na mikutano ya Zoom, kutazama YouTube, na kuchapa nyaraka za wateja katika steshenari. Hazifai kwa anayehariri video ndefu kila siku, anayechora ramani nzito za majengo, au anayetaka michezo mipya ya kompyuta. Kazi hizo zinahitaji kadi kubwa ya picha, na ndani ya kisanduku hiki hakuna nafasi ya kuipachika. Kama hiyo ndiyo kazi yako, unafuu wa bei usikudanganye.

Sokoni kuna aina gani?

Kwa mtu wa kipato cha kawaida zipo mbili. Ya kwanza ni mpya za bei ya chini, nyingi zikitengenezwa China, zenye prosesa za Intel kama N100 au N150. Ya pili ni zilizotumika maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex Micro, HP ProDesk Mini na EliteDesk Mini, na Lenovo ThinkCentre Tiny. Kampuni kubwa hubadilisha mashine zake kwa mkupuo, na zile za zamani huishia kwa wafanyabiashara wanaozileta kwetu. Mac mini ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ni nzuri, ila bei na matengenezo yake huitoa katika kundi tunalolizungumzia hapa.

Prosesa nitaijuaje kama ni nzuri?

Muuzaji akikwambia "hii ni i5", bado hajakwambia kitu. Prosesa za i5 zilianza kutoka mwaka 2009 na zimeendelea kutoka kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo i5 moja inaweza kuachwa mbali na nyingine. Taka jina zima. Katika i5-8500T, ile 8 baada ya kistari ni kizazi, na T inaonyesha kuwa ni prosesa ya kutumia umeme kidogo. Hiyo ni ya mwaka 2018 na ina viini 6, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja. Ndugu yake i5-6500T ni ya mwaka 2015 na ina viini 4. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-10500T, soma mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha 10.

Kwa mashine mpya, N100 ilitoka mwaka 2023, ina viini 4 na kasi inayofika GHz 3.4. N150 iliyoifuata ina tofauti ndogo tu, hivyo usiongeze pesa nyingi kwa ajili yake. Katika kazi za kawaida N100 hukaribiana na i5-6500T, na i5-8500T huipita. Upande wa video mambo hugeuka: N100 imejengewa uwezo wa kufungua video za mfumo wa AV1, unaotumiwa na YouTube, bila kuchoka, na i5 ya kizazi cha 8 haina uwezo huo.

Za kukwepa ni Atom x5-Z8350 ya mwaka 2016 na Celeron N4020 yenye viini 2. Bado unaweza kuzikuta zikiuzwa kama mpya. Ni kweli kasha ni jipya na nailoni haijatolewa, lakini prosesa iliyomo ndani ilipitwa zamani.

RAM na diski ziwe kiasi gani?

RAM ya GB 8 ndiyo ya kuanzia. Ya GB 4 itawasha Windows 11, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa na faili la Excel kwa pamoja, utaanza kusubiri. GB 16 ni raha, hasa ukikusudia kukaa na mashine miaka mingi. Uliza pia kama RAM inabadilishwa. Mashine nyingi za ofisi zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kuanza na GB 8 na kuongeza baadaye. Mpya nyingi zina nafasi moja tu, na nyingine RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao. Hiyo ukinunua ya GB 8, utaishi na GB 8.

Diski iwe SSD, na GB 256 zinatosha watu wengi. Diski ya zamani inayozunguka huifanya hata prosesa nzuri ionekane mbovu. Kuwa macho na kitu kinachoitwa eMMC, hasa cha GB 64. Kwanza ni cha polepole kuliko SSD. Pili, kwa kawaida kimeunganishwa kwenye ubao na hakibadilishwi kirahisi. Tatu, Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64, kwa hiyo masasisho yakianza kuingia, nafasi inaisha kabla hujahifadhi picha za harusi.

Windows 10 bado ni sawa?

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Kwa anayefanya miamala ya benki au kutunza taarifa za wateja, hilo si jambo dogo.

Windows 11 kwa kawaida inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Hii ni sababu mojawapo ya mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa kuzunguka masharti, na ikawaka vizuri, lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba masasisho yataendelea kuingia. Ukiipata ya kizazi cha 6 kwa bei nzuri sana, fikiria Linux Mint, ambayo ni ya bure na inatosha kwa kivinjari na uandishi. Kabla ya kuamua, hakikisha printa yako na programu ya hesabu unayotumia zinakubaliana nayo.

Leseni ya Windows ni halali?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Kidirisha kitatokea baada ya sekunde chache. Ukiona neno OEM au RETAIL, ni dalili nzuri. Ukiona VOLUME, hiyo ni leseni ya aina inayotolewa kwa makampuni na taasisi, haikukusudiwa kuuzwa pamoja na kompyuta ya mtu binafsi, na inaweza kukatika siku yoyote.

Kuna hatari nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iligundulika kwamba baadhi ya mini PC mpya za kampuni moja ya China zilifika kwa wanunuzi zikiwa tayari na programu za kuiba taarifa. Tahadhari ni moja kwa mpya na kwa iliyotumika: kabla hujaingiza nywila yoyote, futa kila kitu na uweke Windows upya kwa faili lililopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Leseni ya OEM iliyohifadhiwa kwenye ubao hurudi yenyewe mashine ikiunganishwa na intaneti. Kama hujui kufanya hivyo, mlipe fundi unayemwamini.

Nikiwa dukani nikague nini?

Usikubali kununua kompyuta iliyozimwa. Mwombe muuzaji aiunganishe na monita, kisha fuata hatua hizi.

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu fungua sehemu ya Performance. Hapo utaona jina zima la prosesa, kiasi cha RAM na nafasi ngapi zimetumika, na kama diski ni SSD. Linganisha na ulichoambiwa.

2. Kwa iliyotumika, pima afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Inaonyesha asilimia ya uzima na saa ambazo diski imefanya kazi.

3. Cheza video kwa skrini nzima kwa dakika kumi. Sikiliza feni na ushike kasha. Joto la kawaida halina ubaya. Feni inayokwaruza au mashine inayojizima, iache hapo hapo.

4. Chomeka flashi katika kila tundu la USB. Jaribu Wi-Fi kwa mtandao wa simu yako. Mashine nyingi za ofisi hazina kadi ya Wi-Fi kwa sababu kule zilikotoka zilitumia waya.

5. Angalia tundu la monita. Baadhi ya HP Mini zina DisplayPort pekee, bila HDMI, na utahitaji waya au adapta ya kubadilisha.

6. Iwashe upya na uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine: Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, usinunue. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, huenda betri ndogo ya CR2032 imekufa. Hiyo ni rahisi kubadilisha, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

7. Soma chaja. Iwe imeandikwa 100-240V upande wa kuingiza umeme, na volti inazotoa zilingane na zilizoandikwa kwenye mashine. Plagi ikiwa ya pini mbili bapa, taka waya wenye plagi ya kwetu ya pini tatu.

Je, inaokoa umeme?

Hapa ndipo kisanduku hiki kinapojitetea. Tuseme mini PC inatumia wastani wa wati 15 na monita wati 20. Kwa saa 8 kwa siku, mwezi wa siku 30 utamaliza uniti 8.4. CPU kubwa ya zamani inayotumia wati 80, na monita ile ile, itamaliza uniti 24. Tofauti ya uniti 15.6 si ndogo kwa nyumba ya Tanzania iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi.

Tatizo ni kwamba haina betri. Umeme ukikatika, inazimika papo hapo na kazi ambayo hujaihifadhi inapotea. UPS ndogo ya VA 650 yenye betri nzima huweza kuibeba mashine hii na monita kwa nusu saa au zaidi, muda wa kutosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Wenye sola wasiiunganishe moja kwa moja na betri ya volti 12 eti kwa sababu chaja nayo imeandikwa 12V. Betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na kitu, na ubao unaweza kuungua.

Bei ya kisanduku ndiyo bei ya kompyuta?

Hapana, na hapa wengi huumia. Orodhesha monita, kibodi, mausi, spika au hedifoni, kamera na maikrofoni kwa ajili ya mikutano, waya wa HDMI, na UPS. Ukivinunua vyote vikiwa vipya, jumla inaweza kufika bei ya laptopu nzuri iliyotumika, ambayo inavyo karibu vyote na betri juu. Kwa hiyo mini PC inamlipa zaidi mwenye monita tayari, au mwenye televisheni ya HDMI anayoweza kukaa nayo karibu, na anayefanyia kazi mahali pamoja. Mwanafunzi wa chuo anayehama kutoka hosteli kwenda maktaba anunue laptopu.

Basi nichukue mpya au iliyotumika?

Kwa ofisi ndogo, duka au steshenari, chukua iliyotumika ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Ina nguvu zaidi, inafunguka kirahisi, na mafundi wetu wanazijua. Kwa nyumba inayotazama video nyingi, au mahali ambapo kila uniti inahesabiwa, N100 mpya yenye RAM ya GB 8 au 16 inatosha, mradi iwe na SSD wala si eMMC. Chini ya viwango hivyo, bora usubiri uongeze akiba.

Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye risiti jina zima la prosesa, RAM, diski na muda wa waranti. Akikataa kuandika alichokuahidi kwa mdomo, nenda duka la pili.