Chumba cha Picha Nyumbani: Nuru ya Dirisha katika Wilaya ya Rungwe

Katika nyumba nyingi za Tukuyu na za vijiji vinavyouzunguka mlima Rungwe, picha ya mzee wa familia hutundikwa ukutani, na akisha kufariki hubaki kuwa kumbukumbu ya sura yake kwa wajukuu. Aghalabu picha hiyo ni moja tu. Ikiwa macho yametokea kama mashimo meusi, na shavu halitofautiani na kivuli, hasara hiyo haina fidia. Wengi huilaumu kamera, na wengine huulaumu weusi wa ngozi. Lawama zote mbili si za haki. Mara nyingi kosa limo katika nuru, na nuru huweza kutawaliwa katika chumba cha kawaida chenye dirisha moja, shuka nyeupe na kiti.

Njia hii imekwisha kuthibitishwa Afrika kwetu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa nuru ya mchana, kitambaa kikiwa kimetundikwa nyuma ya mteja. Leo picha hizo huoneshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Ngozi na nuru

Nuru inapoangukia uso hurudi kwa njia mbili. Sehemu moja huingia ndani ya ngozi, hutawanyika humo, kisha hutoka ikiwa imechukua rangi ya ngozi. Sehemu nyingine hurudi papo hapo kutoka juu ya ngozi, kama inavyorudi kutoka juu ya maji yaliyotulia. Huo ndio mng'ao.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ambayo hufyonza nuru, kwa hiyo ile sehemu ya kwanza huwa ndogo. Mng'ao, hata hivyo, hukaribiana kwa watu wa rangi zote. Ndiyo sababu umbo la uso mweusi huelezwa zaidi na mng'ao. Chanzo kidogo cha nuru, kama flashi au balbu, hutia doa dogo kali juu ya paji la uso na kuacha mengine gizani. Chanzo kikubwa, kama dirisha, hutoa mng'ao mpana na laini unaofuata mfupa wa shavu, pua na midomo. Hapo ndipo sura hutokea.

Viwanda navyo vilichangia tatizo hili. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, ili rangi zisawazishwe kwa kufuata ngozi yake. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutumika katika miaka ya 1990.

Dirisha lipi?

Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humshauri msomaji atumie dirisha linalotazama kaskazini. Huko jua la mchana hupita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini hupata nuru tulivu ya anga. Ushauri huo haufai kufuatwa Tukuyu bila kufikiri. Mji huo upo kiasi cha nyuzi 9 na robo kusini mwa Ikweta. Tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mwezi Juni huinama kaskazini kwa nyuzi 33 hivi kutoka utosini. Kwa muda huo, ambao ndani yake imo miezi ya kiangazi, dirisha tulivu ni la kusini.

Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua huhamia kusini, na dirisha la kaskazini ndilo bora. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ni ya mvua, na mawingu ya Rungwe huifanya kazi ya pazia: huitawanya nuru ya jua ikatoka anga lote. Mwenye dirisha la mashariki na alitumie alasiri, na mwenye la magharibi alitumie asubuhi. Jua likiingia moja kwa moja, pazia jembamba jeupe latosha kulilainisha.

Yafaa pia kuchunguza kilicho nje. Dirisha lililozibwa na migomba huingiza nuru ya kijani, na rangi hiyo hukaa usoni. Lichaguliwe dirisha ambalo anayepigwa picha akiketi huweza kuliona anga.

Kupanga chumba

Chumba cha mita 3 kwa mita 4 chatosha. Kazi hupangwa hivi:

1. Kiti kiwekwe mita 1 hivi kutoka dirishani, na anayeketi ageukie dirisha kwa pembe ya nyuzi 45. Kadiri anavyosogea ndani, nuru hupungua, na dirisha huwa chanzo kidogo zaidi, hata vivuli vikawa vikali.

2. Upande wa pili wa uso, kiasi cha nusu mita, itundikwe shuka nyeupe au usimamishwe ubao uliopakwa chokaa. Nuru iliyopita itaakisiwa na kuingia katika kivuli cha shavu.

3. Nyuma ya kiti, kwa umbali wa mita 1 na nusu, litundikwe blanketi la rangi ya majivu au ya udongo, lisilo na mikunjo.

4. Kamera iwe kwenye kimo cha macho ya anayepigwa, umbali wa mita 1 na nusu hadi 2. Ikisogezwa karibu mno, pua huwa kubwa na masikio hurudi nyuma. Kosa hili ni la kawaida kwa simu za mkononi.

5. Taa zote zizimwe. Nuru ya balbu ikichanganyika na ya anga, nusu ya uso huwa ya njano na nusu ya samawati.

6. Siku ya mawingu mazito shata hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Ikizidi sehemu ya sitini ya sekunde, mkono hutikisika. Basi kamera iegemezwe juu ya stendi au kasha zito.

Udanganyifu wa kipimo cha nuru

Kipimo kilichomo ndani ya kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kinaakisi nuru ya wastani, yapata asilimia 18. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kipimo huona weupe mwingi, hudhani nuru imezidi, nacho huipunguza. Ukuta hutokea wa kijivu, na uso hupotea. Dawa ni mbili: kutumia pazia la nyuma lisilo jeupe, au kuipima nuru ya uso peke yake. Katika simu nyingi hufanyika kwa kugusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Picha za pasipoti zinapotakiwa kuwa na nyuma nyeupe, nuru iongezwe hatua moja.

Jaribio

Kabla ya kumketisha mzee, mwanafunzi wa kazi hii na achukue parachichi la Hass lililoiva likawa jeusi, tunda lisilo adimu Rungwe, pamoja na yai. Aviweke juu ya kigoda karibu na dirisha, kisha avisogeze nusu mita nusu mita kuelekea ndani. Yai litaonesha umbo lake kwa weupe na kivuli. Parachichi litalionesha kwa mng'ao, ambao utakuwa mpana karibu na dirisha na kuwa doa dogo mbali nalo. Pale parachichi linapoonekana mviringo wake wote, ndipo pa kuweka kiti.