Karakana ya Nyumbani: Bei ya Mashine ni Nusu ya Gharama

Somo la leo ni la wale ambao siku ya mapumziko wanaimalizia gereji au kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba: unachonga bushi, unanyoosha ekseli, unatengeneza kipuri cha cherehani ambacho dukani hakipo tena. Ni starehe nzuri, inatuliza kichwa, na ujuzi wake unarudi nao nyumbani. Ila sisi tunaoshika mahesabu tunajua karakana ya nyumbani inameza hela kimyakimya, na mara nyingi hela yenyewe ni ile iliyopangiwa ada ya mdogo wako au bati za nyumba.

1. Piga hesabu nzima kwanza

Tuseme uko Uingereza, umeona mashine ndogo ya kukereza, ya mtumba, inauzwa pauni 600. Hesabu ya kweli inaweza kuwa hivi:

- Mashine: 600
- Visu vya kukatia na vifaa vya kupimia: 250
- Usafiri wa kuifikisha nyumbani: 80
- Soketi na waya wa umeme: 70
- Chuma cha kujifunzia: 50
- Miwani, mafuta na brashi: 50
- Jumla: 1,100

Ukiwa unatenga pauni 55 kwa mwezi, 600 unaifikisha ndani ya miezi 11, lakini 1,100 inataka miezi 20. Anayenunua mwezi wa 11 anabaki na mashine isiyoweza kukata kitu, halafu anaanza kuchota kwenye hela ya kutuma nyumbani. Ndiyo maana tunasisitiza: fungua akaunti au bahasha ya peke yake kwa ajili ya karakana. Kodi ya nyumba, hela ya nyumbani na akiba ya dharura zitoke kwanza. Karakana ile kilichobaki.

Na uiite kwa jina lake: starehe. Bushi inayouzwa pauni 8 ukiichonga kwa saa nne, hujaokoa pauni 8. Umepata saa nne za furaha na somo. Hakuna ubaya, mradi usiiandike kwenye daftari kama uwekezaji.

2. Nunua kwa kufuata tatizo

Andika kazi tatu za mwisho zilizokushinda, na pembeni uandike kilichokukwamisha. Kama mkato ulipinda, unahitaji jiliwa imara, msumeno mzuri wa chuma na mazoezi ya tupa. Kama vipande havikuingiliana, tatizo ni kupima: nunua kalipa nzuri. Kama tundu halikukaa wima, tafuta drili ya kusimama. Mashine ya kukereza inakuja pale unapohitaji kitu cha duara chenye kipimo kamili, na zana za mkono zimefika mwisho.

Kwenye visu, anza na vya hai-spidi. Vinanunulika, na vikiwa butu unavinoa mwenyewe kwenye grinda. Vipande vya kabaidi vinakata vizuri, lakini vinataka mashine yenye nguvu, na kikivunjika kona unanunua kingine.

3. Kukagua mashine ya mtumba

Rahisi ghali, hasa kwa chuma kilichochakaa. Ukifika kwa muuzaji fanya haya:

- Sogeza behewa linalobeba kisu hadi karibu na taya zinazoshika kazi, ulikaze kidogo lisiwe na mchezo, kisha lipeleke mwisho wa pili. Likigoma huko mbali, reli imelika upande wa taya, ambako kazi nyingi hufanyika.
- Zima umeme, shika taya na uzinyanyue. Ukisikia mchezo, beringi zinahitaji kurekebishwa au kubadilishwa.
- Hesabu gia za kubadilisha na taya za akiba. Kila kinachokosekana ni punguzo la bei, au ni mzigo wako wa kesho.
- Uliza imewekwa kwa milimita au kwa inchi. Mashine ya inchi inaweza kukata nati za milimita, lakini kwa usahihi kamili inataka gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127.

4. Umeme

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, hasa kwa anayetaka kuisafirisha mashine siku akirudi. Nyumba za Marekani zina volti 120 kwenye soketi za kawaida na hezi 60. Uingereza, Kenya na Tanzania ni volti 230 hivi na hezi 50. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi; mota ya kawaida ya hezi 60 ukiipeleka kwenye hezi 50 inapungua mwendo kwa moja ya sita na inaweza kupata joto. Angalia pia kibati cha mota: kikisema fezi tatu, soketi ya nyumbani haitaiwasha bila kifaa cha ziada au mota nyingine. Weka gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kukubaliana bei.

Kuhusu ushuru wa bandarini, zungumza na wakala wa forodha wa kule mzigo unakokwenda na akupe makadirio kwa maandishi. Maneno ya simu usiyajengee bajeti.

5. Jua chuma chako

Chuma chakavu ni bure, lakini springi ya gari au ekseli ya zamani inaweza kuwa ngumu na ikamaliza kisu chako kwa dakika chache. Kwa kujifunza, nunua chuma laini kinachojulikana, au alumini na shaba ya njano.

Mwendo nao unahesabika. Kwa kisu cha hai-spidi na chuma laini, anzia mita 30 kwa dakika. Zidisha kwa 320, gawanya kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Kipande cha milimita 25: 30 × 320 ÷ 25 = 384. Yaani mizunguko kama 380 kwa dakika. Kipenyo kikipungua, mwendo unaongezeka.

6. Mashine ikitetemeka

Kazi inatoka na mawimbi, mashine inalia. Wengi wanakimbilia kununua kisu kipya. Sisi tunashauri ufanye kama mhasibu ambaye urari wake haulingani: badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukianza na visivyogharimu.

1. Punguza urefu wa kisu na wa kazi vinavyoning'inia nje.
2. Punguza mwendo.
3. Ongeza kidogo kasi ya kisu kusogea.
4. Hakikisha ncha ya kisu iko sawa na kitovu cha kazi.
5. Kaza reli zilizolegea.
6. Noa kisu.

Mambo yote sita hayakugharimu hata senti. Yakishindikana, ndipo ufungue pochi. Andika kilichosaidia, daftari hilo litakuokolea hela mwaka ujao.

7. Ukianza kuuza

Jirani akilipia kazi, hiyo sasa ni kipato. Uingereza kuna msamaha wa pauni 1,000 za mauzo kwa mwaka wa kodi, ukizidi unajisajili. Marekani, faida ya kujiajiri ikifika dola 400 unatakiwa kujaza fomu za kodi. Kubwa zaidi ni viza: viza ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri, hata kwa kazi ya gereji. Usihatarishe kibali chako kwa ajili ya bushi mbili.

8. Mlio Ghuba

Wengi mnaishi nyumba za kampuni, mashine haina pa kukaa. Nunueni kalipa, mikromita na seti ya tupa nzuri. Vinaingia kwenye begi, havijali hezi, na nyumbani vitatumika siku ya kwanza.

Usalama nao ni hesabu

Miwani kila mara. Glovu, mikono mirefu na cheni za shingoni viwe mbali na mashine inayozunguka. Ufunguo wa taya usiachwe umechomekwa hata sekunde moja. Kidole kilichokatika ni miezi bila mshahara, na nyumbani nao watakuwa miezi bila hela.

Zoezi la wiki hii: andika kazi tatu zilizokushinda na kilichokukwamisha, kisha uandike hesabu nzima ya kifaa kimoja tu kinachotatua nyingi kati ya hizo. Gawanya kwa kiasi unachoweza kutenga kwa mwezi bila kugusa hela ya nyumbani. Miezi utakayopata ndiyo tarehe yako ya kununua.