Walidhani Amelewa: Woody Guthrie na Ugonjwa wa Kurithi

Tunajua wengi wenu mnalalamika kwamba mada ya urithi kwenye Baiolojia inaumiza kichwa. Mara jeni, mara kromosomu, mara zile njegere za Mendel! Basi leo njegere tuziweke kando. Tutajifunza urithi kupitia maisha ya mwimbaji wa Marekani, Woody Guthrie. Huyu alikuwa mtunzi wa nyimbo za watu wa kawaida, zile ambazo mtu mmoja na gitaa lake anaweza kuziimba popote, hata stendi ya basi.

Woody alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 katika mji mdogo wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Nyimbo za kale alizisikia kwanza kwa mama yake, Nora. Lakini Woody akiwa bado mtoto, mama alianza kubadilika. Hasira za ghafla, kusahausahau, mikono na miguu kujirusha yenyewe. Majirani wakasema huyu ni kichaa, basi. Mwaka 1927 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Norman, na akafia huko mwaka 1930. Alipopelekwa, Woody alikuwa na umri kama wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili. Fikiria mwenyewe.

Kutoka kwenye vumbi hadi kwenye santuri

Kijana alihamia Pampa, Texas. Huko, tarehe 14 Aprili 1935, dhoruba kubwa ya vumbi iligeuza mchana kuwa usiku. Ukame na kilimo kibaya vilikuwa vimeharibu udongo, na maelfu ya wakulima wakafunga virago kwenda California kutafuta vibarua. Woody naye akaelekea huko, na mwaka 1937 akaanza kuimba kwenye redio mjini Los Angeles. Wasikilizaji wake wakubwa walikuwa hao hao wahamaji.

Mwaka 1940 ndio uliomfanya ajulikane. Mwezi Februari, akiwa New York, aliandika "This Land Is Your Land", kwa sababu alichoshwa na wimbo mwingine wa kuisifia nchi uliokuwa unapigwa redioni kila saa. Mwezi Machi mtafiti Alan Lomax alimrekodi kwa saa kadhaa, nyimbo na mazungumzo, kwa ajili ya maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka huo huo kampuni ya Victor ikatoa santuri zake ziitwazo "Dust Bowl Ballads", yaani nyimbo za nchi ya vumbi. Santuri za zamani zile upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo wake "Tom Joad" ulikuwa mrefu mno, ikabidi ukatwe katikati: nusu upande huu, nusu upande wa pili!

Mwaka 1941 serikali ilimwajiri mwezi mmoja atunge nyimbo kuhusu mabwawa ya umeme ya mto Columbia. Alitunga nyimbo 26, akalipwa dola 266 na senti 66. Mwaka 1944 alirekodi nyimbo zaidi ya 100 kwa Moses Asch, mwenye studio ndogo New York. Hizo ndizo wengi tunazozisikia hadi leo. Kwa maoni yangu zinazipita zile za Victor, maana jamaa anaimba kana kwamba amekaa nawe barazani.

Halafu mambo yakaharibika

Kuelekea mwaka 1950 Woody alianza kupepesuka. Maneno yakawa yanakwama, hasira zikampanda bila sababu. Watu wakasema ni pombe. Ni kweli alikuwa anakunywa, tena sana, kwa hiyo nani angeshangaa? Madaktari nao walibahatisha majina tofauti ya ugonjwa. Mwaka 1952 ndipo jina sahihi lilipopatikana: ugonjwa wa Huntington, ule ule wa mama yake. Umepewa jina la daktari George Huntington, aliyeueleza mwaka 1872 akiwa na miaka 22 tu.

Ugonjwa huu unaharibu seli za ubongo polepole. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula pamoja na mgonjwa wala kwa kumshika mkono, na si kurogwa. Upo katika kila bara, Afrika ikiwemo. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya miaka 30 na 50, yaani wakati mtu ameshaoa na ana watoto. Hapo ndipo penye uchungu.

Sasa somo lenyewe. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba, moja ya mama. Kwa magonjwa mengine ya kurithi, kama selimundu, lazima upate nakala mbili mbovu ndipo uugue. Kwa Huntington moja inatosha. Kwa hiyo mtoto wa mgonjwa ni kama amerushiwa shilingi: nusu kwa nusu. Angalia mtego wa mtihani hapa! Woody alikuwa na watoto wanane, lakini haina maana kwamba lazima wanne waugue. Kila mtoto anarushiwa shilingi yake. Mabinti wake wawili wa mke wa kwanza walikufa kwa ugonjwa huu, kila mmoja akiwa na miaka 41. Mwanawe Arlo aliimba hadi uzeeni bila kuupata.

Woody aliishi hospitalini miaka mingi. Gitaa hakuweza tena kupiga, na mwishoni alijibu kwa kupepesa macho tu. Mwaka 1961 kijana asiyejulikana, Bob Dylan, alikwenda kumwona na kumwimbia nyimbo zake mwenyewe. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na miaka 55. Mwaka huo huo Marjorie, mke wake wa zamani, alianzisha chama cha kupambana na ugonjwa huo. Wanasayansi walichukua damu za familia za kandokando ya ziwa Maracaibo, Venezuela, zenye wagonjwa wengi, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana kwenye kromosomu namba 4.

Dawa ya kuponya bado haijapatikana, zipo za kupunguza dalili tu. Lakini kipimo cha damu kipo, na kinaweza kukuambia hata kabla hujaugua. Wengi wenye mzazi mgonjwa huamua kutopima.

Jadilini darasani: ungekuwa mtoto wa Woody, una miaka 18, na una mchumba, ungepima? Na mchumba ana haki ya kujua majibu?