SOMO LETU: KISANDUKU CHA UMEME CHA KOMPYUTA



Vijana wetu wengi siku hizi wanataka kujiundia kompyuta kwa vipande vinavyonunuliwa kimoja kimoja. Nia hiyo ni njema, lakini fedha inayotumika ni jasho letu. Kwa ndugu zetu wa Base Camp, katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, kosa lina hasara mbili: kipande kilichoungua, na nauli ya kurudi Mbarara kutafuta kingine. Kwa hiyo leo tujifunze juu ya kipande ambacho wengi hukinunua bila kukisoma. Ni kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Umeme wa ukutani nchini Uganda ni volti 240. Kisanduku huupunguza na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3, ambazo vipande vya kompyuta vinaweza kuzistahimili. Kikiwa dhaifu, kompyuta huzimika katikati ya kazi. Kikiwa kibovu, chaweza kuunguza vipande vyote, au hata nyumba.

KWANZA, TUFANYE HESABU. Tuchukue mfano: prosesa wati 65, kadi ya picha wati 75, ubao mkuu pamoja na kumbukumbu, diski na feni wati 60. Jumla ni wati 200. Tusinunue cha 200 kamili, kwa sababu prosesa nyingine huvuta kupita kiasi kilichoandikwa zinapofanya kazi nzito. Tutafute cha 350 au 400. Wala tusiogope gharama ya umeme: kisanduku cha wati 400 hakili wati 400 saa zote, bali huvuta kadiri kompyuta inavyohitaji, na kidogo kinachopotea kwa joto.

PILI, TUSOME KIBATI. Kiwandani hatufungi mota kabla ya kusoma kibati chake. Shambani mchuma chai hakubali kilo alizotajiwa bila kuitazama mizani. Na hapa ni vivyo hivyo. Huenda pameandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Sisi tutafute mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya picha hutegemea huo. Ukisema ampea 18, tuzidishe: 12 × 18 = 216. Basi zinazofika mahali pa kazi ni wati 216, si 500.

Visanduku vingine vina swichi ndogo nyuma, yenye 115 na 230. Kwetu lazima ikae kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku kitaungua mara tu umeme ukiwashwa.

TATU, TUTAZAME PINI. Ubao mkuu wa kawaida hutaka pini 24, na prosesa pini 4 au 8. Kadi kubwa za picha hutaka pini 6 au 8 zake zenyewe. Pini 8 za prosesa na pini 8 za kadi ya picha si kitu kimoja, kwa hiyo tusizilazimishe. Kipimo cha kawaida huitwa ATX, lakini kompyuta kuukuu za maofisini mara nyingi zina kisanduku cha umbo lake peke yake. Twende dukani na ubao wenyewe.

NNE, WENYE UMEME WA JUA. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa kupita nusu, basi tunazo 600. Kompyuta inayovuta wati 150 itafanya kazi kama saa 4 kasoro, kwa kuwa inveta nayo hula sehemu yake. Mwenye betri ndogo achague vipande visivyovuta sana.

TAHADHARI. Waya wa ardhi tusiukate. Kisanduku tusikifungue hata baada ya kukichomoa, kwani umeme hubaki ndani. Tuombe kijaribiwe mbele ya macho yetu, na tudai risiti. Asiyejua kusoma kibati aende na mwenzake anayejua.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kibati kinasema volti 12, ampea 25. Ni wati ngapi?
2. Je, zinatosha kompyuta ya mfano wetu, na akiba inabaki kiasi gani?
3. Kwa nini tununue kisanduku baada ya kujua vipande vingine vyote?