Kwa nini pimbi hurundikana asubuhi?

Swali: Nilipita Seronera alfajiri nikaona pimbi wamerundikana juu ya jiwe. Je, ni wagonjwa? (Msomaji, Tarime)

Jibu: Hapana, wanatafuta joto. Mwili wa pimbi haumudu vizuri kutunza joto lake, na usiku wa Seronera, mahali palipo mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, una baridi. Basi hulala wamebanana ndani ya nyufa za miamba. Anayegusana na mwenzake huacha sehemu ndogo tu ya ngozi ipigwe na hewa, hivyo hahitaji chakula kingi cha kumpasha joto. Jua likichomoza, hutoka kuliota. Ajabu zaidi, pimbi wa miamba na pimbi wa vichaka, aina mbili tofauti, hukumbatiana pamoja. Tafadhali usiwasogelee: ukiwatimua, unawanyima joto wanalolihitaji kabla ya malisho.